Njia Mbili za Misikhu

Wakonyo alikuwa ameandika barua nyingi za kazi, lakini aliyoionea fahari ni ile ya kurasa mbili aliyouandikia Ushirika wa Maghala ya Tuvune. Sentensi ya mwisho ilisema hivi: "Mtandao huu hauwezi kuzimika wenyewe katika ghala moja tu, ukiona umezimika, ujue umezimwa na mtu." Aliisoma mara tatu kabla ya kutia sahihi, na kila alipoisoma alijiona ameongezeka kimo.

Tusimlaumu haraka. Miaka miwili mizima alikuwa amekaa katika ofisi moja mjini Kitale akiuchora mtandao huo. Kamera mia nne na kumi na mbili, maghala kumi na moja ya mahindi kuanzia Kitale hadi Bungoma, na picha zote zikisafiri kwa kebo ya faiba, nyuzi zinazobeba mwanga, mpaka kwenye vituo viwili vya kutazamia, kimoja Kitale na kingine Bungoma. Aliuchora kama pete. Kila ghala lilikuwa na njia mbili za kutolea picha, moja kushoto na nyingine kulia, hivi kwamba tingatinga likikata kebo upande mmoja, picha zinageuka zenyewe na kupita upande wa pili kabla mtazamaji hajapepesa jicho. Mashine za kurekodi hakuziweka maghalani, kwa sababu mwizi akija huondoka na mahindi na mashine vilevile. Ziliwekwa kwenye vile vituo viwili tu. Mwajiri wake, Kibe, alipenda kuwaambia wageni kwamba mtandao wa Wakonyo hata ukiukata vipande utaendelea kuona.

Basi Alhamisi moja ya Novemba, mavuno yakiwa yamepamba moto, lori lilifika katika ghala la Misikhu likiwa na karatasi zenye muhuri bandia, likapakia magunia themanini, likaenda zake. Mtunza ghala, mzee Makokha, alisema ule muhuri ulimdanganya. Angeaminika, maana ulikuwa umetengenezwa kwa ustadi kiasi kwamba hata karani wa makao makuu aliushikashika akashindwa kuutofautisha na wa kweli. Shida ni kwamba kuanzia saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi hadi saa tano na ushei, kamera zote thelathini na nane za Misikhu zilikuwa giza tupu. Maghala mengine kumi yalionekana vizuri kabisa. Na ufunguo wa makabati ya mitambo ya Misikhu ulikuwa mfukoni mwa Makokha.

Kulikuwa na jambo dogo la kando. Asubuhi hiyohiyo watengenezaji wa barabara walikuwa wakibadilisha kalavati karibu na soko la Misikhu, na mafundi wa kampuni ya akina Wakonyo waliikata kebo ya barabarani kwa ruhusa, wakaisogeza, wakaiunga tena, wakaandika ripoti. Wakonyo aliisoma ile ripoti na kuiweka kando bila wasiwasi. Kebo ya barabarani ikikatwa, Misikhu ina njia yake ya pili, inayopita mashambani nyuma ya ghala kuelekea Kimilili. Ndiyo maana ya pete. Kama ghala lilizimika hata hivyo, basi kuna mkono uliolizima kutoka ndani. Akaandika barua yake, na kwa barua hiyo Makokha akasimamishwa kazi akingoja mkutano wa wanachama wa Jumatano, ambao baada yake faili lilikuwa linapelekwa kwa polisi.

Jumapili ya tatu baada ya wizi, alasiri, mtu alibisha hodi kwenye nyumba ya Wakonyo pale Matisi. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, kitambaa cha kanisani bado kiko kichwani. Alijitambulisha kuwa ni Phelista, mke wa Makokha, na kwamba alikuwa ametoka kanisani Lugulu moja kwa moja. Wakonyo alijua watu huja namna hii kuomba huruma, na huruma hakuwa nayo ya kugawa. Alikuwa na ukweli tu.

"Karibu ndani, mama. Nikuwekee chai."

"Chai nitakunywa siku ingine, mwanangu. Nimekuja kukuuriza kitu moja tu halafu naenda."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani.

"Mzee wangu ameurizwa na karani, ameurizwa na mwenyekiti, ameurizwa na watu wa ulinzi. Nimehesabu, mara kumi na moja. Kila mara anasema hajagusa. Sasa hii mashine yenu, ati yenyewe haidanganyi. Sawa. Wewe umeiuriza?"

"Niiulize nini, mama?"

"Hiyo tu. Kama ilizimwa."

Wakonyo alishusha pumzi, akaanza kueleza kwa upole anaotumia mtu aliyekwisha kushinda. Alichora pete kwa kidole juu ya meza. Hapa Misikhu, hapa Lugulu, hapa Kimilili. Huku kukikatwa, picha zinapita kule. Phelista alimsikiliza mpaka mwisho, macho yakifuata kidole.

"Hiyo ni vile ulichora," alisema. "Mimi nauriza vile iko."

Akaaga, akaenda.

Jumatatu asubuhi Wakonyo aliiuliza mashine. Nia yake haikuwa kutafuta kitu. Alitaka tu aweze kusema ameuliza, ili lile swali la mama liache kumkereketa. Kutoka kiti chake cha Kitale aliingia katika swichi ya Misikhu, kile kisanduku kinachokusanya picha za kamera zote za ghala, akakiuliza kimekuwa kikiwaka kwa muda gani bila kuzimwa. Jibu likaja: siku mia mbili na arobaini na moja.

Alisoma tena. Kama Makokha alizima mitambo Alhamisi ile, kisanduku kingehesabu siku kumi na nane. Siku mia mbili na arobaini na moja ni tangu Machi, siku walipokiwasha kwa mara ya kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kukizima.

Lakini si angeweza kuchomoa kebo, akajiambia, akishikilia barua yake kwa kucha. Huchomoi umeme, unachomoa kebo mbili za faiba, basi. Akauliza tena: kebo ya barabarani ilipoteza mwanga saa ngapi? Saa tatu, dakika kumi na nne, sekunde ya saba. Na ile ya mashambani? Saa tatu, dakika kumi na nne, sekunde ya saba.

Sasa, makabati yanayopokea kebo hizo mbili yako pembe mbili za ghala, hatua arobaini kati yake, na ni Wakonyo mwenyewe aliyegombana na wajenzi mpaka yakawekwa mbalimbali. Makokha ana miaka sitini na mitatu na goti bovu. Hata mkimbiaji wa Iten asingeweza kuchomoa hapa na kule katika sekunde moja. Wakonyo aliiondoa mikono yake mezani kana kwamba meza imemchoma. Kwa siku kumi na nane jibu hilo lilikuwa limekaa pale likingoja kuulizwa, na yeye hakuliuliza kwa sababu alikuwa na hakika.

Alimpigia Kibe.

"Umeambia nani?" lilikuwa swali la kwanza la Kibe.

"Bado hakuna mtu, boss."

"Basi usiambie mtu. Usiongee na huyo mzee, usiongee na bibi yake. Enda kesho Misikhu ukachimbe uone kwa macho. Mkutano ni Jumatano, tutajua vile tutasema."

Wakonyo alikubali. Lilionekana jambo la busara, kuhakikisha kwanza ndipo useme. Mtu anaweza kujificha ndani ya busara ya aina hiyo siku nzima bila kujiona amejificha.

Jumanne saa nne alikuwa Misikhu pamoja na Wanjala, msimamizi wa wachimbaji, mtu mnene mcheshi ambaye ndiye aliyeongoza vijana kutandaza kebo upande huo. Wakonyo alifungua mchoro wake, akapima hatua kutoka ukuta wa nyuma wa ghala hadi ndani ya shamba lililokwisha kuvunwa, akasimama kati ya mabua.

"Hapa. Chini mita moja na robo. Chimba taratibu tusiikate."

Wanjala alimtazama, akatazama ardhi, akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Hapa? Si hapa hatukuchimba, madam."

"Hamkuchimba namna gani?"

"Hatukuchimba. Hakuna kitu hapa. Si nilikuambia kwa simu?"

Wakonyo alinyakua jembe mwenyewe. Alipiga mara moja, mara mbili, mara ya tatu likagonga udongo mwekundu, mgumu, ulioshikana, udongo ambao tangu dunia iumbwe haujapisha kitu chochote isipokuwa mizizi. Vijana wawili waliokuja na Wanjala walitazama pembeni kwa aibu. Jembe likamponyoka.

"Kebo iko wapi, Wanjala?"

"Iko kwa barabara. Zote." Alisema polepole sasa, ameanza kuelewa kwamba jambo ni kubwa. "Hiyo wiki ya Machi mama yake mzee Makokha alikuwa amekufa. Boma yao ndio hiyo hapo, na hii shamba ni yao. Sasa vijana wangu wote ni wa hapa. Kukiwa na maiti, hakuna mtu anatia jembe kwa mchanga, mpaka mtu azikwe, watu wanyolewe, ndio kazi inaendelea. Hata mimi singetia. Na wewe ulisema Ijumaa wageni wanakuja. Nikaona, ile kebo ya barabara iko na nyuzi arobaini na nane ndani, na tunatumia nne tu. Nikachukua nne zingine nikaziunganisha huko juu na hii ya kutoka Kimilili. Mita kama mia nane tu, bana. Taa zikawaka kijani, zote mbili. Si ulifurahi?"

Alifurahi. Kwa kweli alifurahi sana, akawapigisha wageni picha mbele ya kabati. Na wakati wa majaribio walichomoa waya mmoja kabatini, picha zikageuka vizuri kabisa kupitia wa pili, watu wakapiga makofi. Kuchomoa kabatini. Nani alifikiria kwenda kukata ardhini? Njia mbili za Misikhu, ile ya kushoto na ile ya kulia, zilikuwa zimelala ndani ya ngozi moja kwa mita mia nane, na mafundi walipoikata kebo ya barabarani Alhamisi ile, walizikata zote mbili kwa mkato mmoja. Walipoiunga, waliunga nyuzi zote kama kazi inavyotaka. Misikhu ikazimika, ikawaka, na pete yote iliyobaki haikuhisi kitu.

"Ulinipigia simu?" aliuliza.

"Nilikupigia. Nikakuambia kuna matanga, vijana hawawezi chimba. Ukasema, 'Wanjala, hayo mambo ya matanga mimi siyajui, fanya vile utafanya, mimi nataka taa ya kijani.' Nikafanya."

Sasa alikumbuka. Alikuwa amesimama kwenye veranda ya ofisi, simu begani, kikombe mkononi, na moyoni akasema hawa watu hawakosi sababu ya kutofanya kazi. Simu ile haikumaliza dakika moja. Alikuwa ameisahau kabisa. Akachutama palepale kati ya mabua, na Wanjala kwa hofu akamshika kiwiko.

Hatua hamsini kutoka pale, ng'ambo ya ua wa michongoma, palikuwa na nyumba ya bati ya kina Makokha. Wakonyo alipoinua uso aliona mtu mlangoni, mwanamume mrefu aliyeegemea fremu, akiwatazama. Hawakusalimiana. Kila kitu ndani yake kilimwambia avuke ua aseme neno moja. Akakumbuka agizo la Kibe, akafikiri kwamba kesho atalisema mbele ya watu wote na itakuwa bora zaidi, akapanguza magoti na kumwambia Wanjala abaki na vijana wafunue kebo ya barabarani, waiache wazi ili mwenyekiti aje kuiona. Kisha akageuka kwenda kwenye gari. Alipotazama tena mlango ulikuwa umefungwa.

Mkutano ulifanyika katika kituo cha Bungoma, kwenye ukumbi ambao ukuta wake wa mbele una runinga kumi na mbili zinazoonyesha maghala yote. Wanachama walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Makokha alikaa safu ya mbele, koti la suti, mikono juu ya magoti. Phelista alikuwa amekaa nyuma kabisa, mbali naye, jambo ambalo Wakonyo aliliona na hakulielewa. Yeye mwenyewe hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana. Maneno yake alikuwa ameyapanga vizuri, akasimama ayaseme.

"Dada Wakonyo, hatutakuchosha," mwenyekiti Mukhisa alimwahi, akiinua karatasi. "Umetusaidia vya kutosha na ile barua yako. Mzee Makokha alikuja mwenyewe jana saa kumi. Amekubali kwamba alizima kamera. Ametia sahihi."

Ukumbi ulinong'ona. Wakonyo alimkodolea macho Mukhisa, akaikodolea ile karatasi.

"Hakuzima," alisema.

"Amesema mwenyewe."

"Hakuzima!"

Watu wengine walicheka. Kando yake Kibe alimvuta sketi kwa chini chini. "Kaa chini, Wakonyo. Imeisha. Unataka nini tena?"

Hebu ona jinsi mlango ulivyomfungukia. Mtu amekubali, mtandao uko safi, mfereji wa nyuma unaweza kuchimbwa taratibu wiki ijayo, na barua yake itabaki ya kweli milele. Alichotakiwa kufanya ni kukaa tu. Aliitoa simu.

"Wanjala, uko kwa kebo? Kata."

"Yote, madam?"

"Kata yote."

Alimgeukia Mukhisa. "Mwenyekiti, ufunguo wa Misikhu uko wapi?"

"Uko hapa mezani kwangu, tangu siku ile."

"Na mzee Makokha yuko hapa. Angalieni ukuta."

Picha za Misikhu zilikuwa kwenye runinga ya saba: mizani, lango, milima ya magunia, paka anatembea. Mara zote zikawa nyeusi, kwa pamoja. Runinga nyingine kumi na moja hazikutikisika. Mama mmoja alipiga yowe kama aliyeona mtu akianguka, na wazee wa nyuma wakainuka vitini.

Ndipo Wakonyo akasema. Alieleza kebo moja yenye njia mbili, alieleza matanga, alieleza simu ambayo hakutaka kuisikiliza, alieleza kisanduku kilichokuwa na jibu kwa siku kumi na nane. Alisema Wanjala hana kosa. Alisema jina lake mwenyewe mara mbili ili lisije likakosewa. "Barua yangu ilikuwa ya uongo," alimaliza, "na mimi nilikuwa naiamini." Kibe alikuwa ameshatoka nje. Mukhisa aliikunja ile karatasi iliyotiwa sahihi, akaikunja tena, akawa hajui aiweke wapi.

Makokha alikuwa bado anaitazama runinga nyeusi.

"Kwa hivyo sikuzima," alisema.

"Hukuzima, mzee."

"Hata kwa bahati mbaya? Mimi nilifikiria labda niriegemea kitu. Nimefikiria mpaka nikaona mkono wangu ukifanya hivyo."

"Hukugusa chochote."

"Sasa mzee," Mukhisa alidakia, karibu kwa hasira, "kama hukuzima, ulitia sahihi ya nini?"

Makokha alijigeuza kwenye kiti kwa shida ya lile goti, akamtazama Wakonyo. Hakuwa na chuki usoni, na hilo ndilo lililomtisha Wakonyo zaidi.

"Jana nilikuona hapo nyuma ya boma yangu, na jembe. Watu wote walikuwa wamesema mimi mwizi, lakini nilikuwa nimejiambia, yule ndiye anajua hiyo mashine, siku atafika hapa ataona sikufanya kitu. Ukafika. Ukachimba. Ukaniangaria, nikangoja uvuke useme jambo. Ukaenda. Nikajua basi, umeona ni mimi. Nikaingia ndani nikamwambia mama watoto kwamba ni mimi, nimekubari, akaacha kuongea na mimi. Halafu nikapanda gari nikakuja hapa kutia sahihi."

Wakonyo alipiga hatua moja kuelekea kiti chake.

"Ilikuwa hatua hamsini, mwanangu," Makokha alisema. "Ungekuja tu."